Mtaalamu wa Kutema

Ijumaa, 7 Machi

Samahani, shajara. Miezi saba kimya! Tangu nimzae Tarumbeta (kilio chake ndicho kilichompa jina) sijaandika wala sijalala. Leo nimekuja kulala, basi. Nyumba ya wageni katikati ya mizabibu, mashuka meupe, hakuna anayelia. Wifi nimemwambia ni semina ya kazi. Angejua ni usingizi, angenikumbusha alivyolea watatu bila kusinzia. Amebaki na mtoto, maziwa niliyokamua na maagizo kurasa nne. Baba Tarumbeta kabeba mabegi na kunyamaza. Kazi anaiweza.

Jioni mwenye nyumba, mama mwingi wa maneno, akatuonjesha mvinyo. Mimi nanyonyesha, nikatema. Akaruka: kumbe mgeni mjuzi! Wajuzi wote hutema, eti. Ningekanusha, lakini alishatuhamishia chumba kikubwa. Kitanda kile!

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi, ngo ngo ngo! Mjuzi huonja kabla ya chai, akasema mama. Mapipa kumi na moja. Nikatema, nikakunja uso, nikatoa hukumu: hili lina kiburi, lile limenuna, hili linajifanya linajua kulea. Nilikuwa namsema wifi. Mama akaandika yote! Mchana, mapipa ya jirani yake. Alasiri, ya shemeji yake. Mume wangu hatemi hata tone. Anakoroma tangu saa nne kwenye kitanda nilichokidanganyia mimi.

Wifi kapiga simu. Tarumbeta kalala usiku kucha, kimya. Akasema kwa upole, pengine mtoto alihitaji tu mtu mtulivu. Mtulivu! Nikamshukuru. Nikakata. Nikalia kidogo nyuma ya pipa.

Jumapili, 9 Machi

Mama anataka niwe jaji wa mvinyo mpya. Wiki nzima, chumba bure. Baba Tarumbeta akafungua mdomo, mara ya kwanza safari hii: tuseme ukweli, turudi, mtoto sasa analala, nawe utalala. Nikamwambia mvinyo umempanda kichwani. Jaji hagongewi mlango alfajiri! Nimekubali.

Wifi nimemwandikia kwamba semina imeongezwa. Atume kwa basi la kesho: blauzi mbili zisizo na madoa ya uji, miwani, nionekane nasoma chupa, pamba za masikio, na kofia ya Tarumbeta, ile ya njano. Asiifue.