Cheti cha Kutokuwa na Mjomba

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye ndugu serikalini na wasio nao, kwamba Halmashauri ya Mji wa Litandala iliutokomeza upendeleo katika ajira ndani ya siku kumi na nne, bila kumwondoa kazini ndugu hata mmoja. Mafanikio haya hayajapata kuonekana kwingineko kandokando ya Mto Ruvuma, na mwasisi wake ni mimi, Alawi Hassani, Katibu wa Bodi ya Ajira kwa miaka kumi na miwili. Sijisifu. Natoa taarifa.

Jambo lilianza ulipotufikia waraka kutoka juu, ukitutaka tueleze kwa nini watumishi hamsini na mmoja wa Halmashauri wanafanana pua. Tukaitisha kikao cha dharura. Mkaguzi wa ndani, Idrisa, mtu mkavu kama muhogo wa juzi, akanyoosha mkono.

"Kwa nini tusitangaze nafasi zote upya, tuwapime watu, anayeshinda apewe?"

Jamani, tulicheka! Mwenyekiti alipaliwa na chapati mpaka akapigwa mgongoni. Idrisa tukamhamishia chumba cha viti vibovu, akapumzishe akili.

Hapo ndipo nilipowasilisha wazo langu. Kama tatizo ni undugu, tuuondoe undugu, tuwaache watumishi. Kila mtumishi na kigogo wake wangesaini Cheti cha Kutokuwa na Undugu, kinapigwa muhuri, kinabandikwa ubaoni kwa uwazi na uwajibikaji. Ili wakubwa waridhike, niliongeza kifungu cha saba: kigogo yeyote atakayekiri undugu baada ya kusaini, kwa kauli au kwa maandishi, atapoteza cheo chake siku hiyo hiyo. Niliweka adhabu kali kwa sababu nilijua haitanigusa.

Utekelezaji ulikuwa wa kupigiwa mfano. Mwenyekiti alisaini kwamba hana uhusiano wowote na Mkuu wa Kitengo cha Bustani, ambaye ni mkewe. Tangu siku ile walikuja kazini kwa magari mawili, na wakikutana kwenye korido wanaulizana majina. Dereva wake, mtoto wake wa tatu, alianza kumwita "huyu bwana". Waraka wa pongezi ulitufikia kabla wiki haijaisha.

Akabaki mpwa wangu, Hamisa, mtoto wa dada yangu Somoe wa Mahurunga. Yeye hakuwa kazini bado. Nafasi ya Afisa Masoko nilikuwa nimemhifadhia tangu yuko chuo, na sikuitangaza, maana ukitangaza watu wanaomba.

Nikamwita ofisini, nikamsogezea karatasi. Akaisoma mara mbili.

"Mjomba, mimi nina shahada ya masoko. Haitoshi?"

"Mwanangu, shahada inaonyesha unachokijua. Hapa tunataka cha kuonyesha usiyemjua."

"Niandike kwamba sina mjomba?"

"Kiutumishi tu. Nyumbani mambo yako palepale."

"Mama hatalipenda hili."

"Mama yako hayumo kwenye muundo wa Halmashauri."

Akasaini. Kusema kweli nilijisikia vibaya kidogo. Lakini muhuri ulitoka vizuri sana, wino umeenea pande zote.

Sasa, kwa msomaji asiye wa huku kwetu, nieleze. Baba ndiye walii, anaozesha, hilo halina ubishi. Lakini sisi tunahesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Posa ikija, haijibiwi mpaka mjomba atamke. Hata baba awe nani, atakaa kimya akisubiri. Na mimi nilikuwa mjomba pekee wa Hamisa, sina ndugu mwingine wa kiume. Siku hiyo nilikuwa nikiisubiri tangu mtoto yule anaota meno.

Posa ikafika Jumamosi moja, mara baada ya swala ya alasiri. Kijana anaitwa Faraji, mwalimu wa hesabu, watu wao wa Mikindani. Nilivaa kanzu mpya, nikajipulizia manukato, nikaingia kwa dada yangu Mahurunga nikielekea moja kwa moja kwenye mkeka, ubavuni kwa shemeji yangu Zuberi, pahala pa mjomba.

"Mgeni," Somoe akaniita. "Mgeni, samahani. Wageni wanakaa huku, karibu na mlango."

"Ala! Dada, unanitania?"

"Kwani tunajuana?"

Akanikalisha kwenye kigoda, pembeni ya kuku. Kisha akawageukia watu wa Mikindani akanitambulisha: "Huyu ni mtu wa ofisini kwa Hamisa. Amepita tu." Kumbe mkononi ana nakala ya cheti. Ameitia nailoni!

Mshenga wa upande wa kijana akatoa barua ya posa kwenye kitambaa, na alipoinua uso nikamtambua. Alikuwa Idrisa, mkaguzi wa ndani. Faraji ni mtoto wa kaka yake.

Shemeji Zuberi ni mtu wa maneno machache. Siku ile alitumia mengi kuliko kawaida yake. "Wageni wetu, tumefurahi. Lakini posa hujibiwa na mjomba, na binti yetu, kwa mujibu wa Halmashauri, hana. Barua yenu rudini nayo."

Chumbani nikasikia mtu analia kwa kujibana, na sauti ile naijua.

"Somoe," nikanong'ona, "unamwadhibu mtoto."

Dada yangu akanisogelea. Macho yamemjaa machozi, lakini sauti haikupanda hata kidogo. "Alawi, tumelala tumbo moja mimi na wewe. Hamisa akiwa hana mjomba, mimi nina kaka? Umeniondoa kwa mama yangu kwa karatasi, halafu unakuja kula ubwabwa?"

Mimi, mwenye majibu ya nyaraka zote, nikageuka kuwatazama kuku.

Idrisa akakohoa. "Bwana Alawi, leo nimekuja kwa posa tu, Mungu shahidi. Lakini hata nikivaa kanzu mimi bado ni mkaguzi, masikio siwezi kuyaacha ofisini. Na kijana wetu anataka jibu. Wewe ni mjomba wa binti huyu, au siye?"

Nilikitafuta kifungu cha kuniokoa. Niliwaza kuunda kamati ndogo. Niliwaza kuomba muda wa kupitia nyaraka. Nikisema siye, posa inarudi Mikindani na dada yangu ndiyo basi tena. Nikisema ndiye, kiti changu, gari langu, chai yangu ya saa nne, vyote kwaheri.

Kisha Hamisa akasema kutoka chumbani, polepole: "Mwacheni. Msimlazimishe."

Lahaula! Nilisimama hata kigoda kikaanguka, kuku wakakimbia.

"Mimi ni mjomba wake!" nikasema. "Mto ulipofurika nilimbeba mabegani kutoka Kitaya hadi hapa, akanikojolea njia nzima! Nani mwingine awe mjomba wake? Posa nimeipokea, na nimeikubali!"

Vigelegele vikapasua paa. Somoe alinikumbatia, akanipiga mgongoni ngumi mbili za haki, akanikumbatia tena. Nililia, na sioni aibu kuliandika hapa.

Idrisa akanipa mkono. "Hongera sana, mjomba." Hakuuachia upesi. "Jumatatu saa mbili, tafadhali. Njoo na funguo za gari."

Jumatatu nilikuwa kiongozi wa kwanza wa Litandala kuondolewa kwa kifungu cha saba, na nasema bila kuficha kwamba kifungu kilifanya kazi barabara. Wa pili alikuwa Mwenyekiti. Mkewe alimwambia kwamba mwanamume asiyemjua hawezi kulala kitandani kwake, na siku ya tatu mzee akakiri kwa maandishi. Nafasi zote zikatangazwa upya. Idrisa alisimamia usaili yeye mwenyewe, isipokuwa wa Hamisa, mkamwana wake mtarajiwa; siku hiyo alikaa nje. Hamisa akashika nafasi ya kwanza kati ya waombaji arobaini na watatu. Kumbe miaka yote ile mtoto hakuwa na haja nami. Liliniuma, kisha likanifurahisha, kisha likaniuma tena.

Nyumba haiendeshwi kwa vigelegele, kwa hiyo mwezi uliofuata niliomba kazi ya msimamizi wa geti la soko. Nikaingia kwenye usaili nikiwa na imani kubwa, maana pale mezani, katikati ya wajumbe watatu, alikaa Afisa Masoko. Nikamkonyeza.

Hamisa akasimama. "Huyu ni mjomba wangu," akasema, akakusanya karatasi zake, akatoka nje na kuufunga mlango taratibu.

Mjumbe aliyebaki kulia kwangu akafungua daftari. "Karibu, Bwana Alawi. Swali la kwanza. Unaweza kazi gani?"

Miaka kumi na miwili kwenye Bodi ya Ajira, na swali hilo nilikuwa sijawahi kulisikia. Nikaomba maji ya kunywa.