Mapacha Watatu wa Lemara

Leo sina uso. Niliokuwa nao nimeuacha getini kwangu hapa Lemara saa sita mchana, mbele ya bosi wangu, na sidhani kama nitaupata kabla ya Krismasi.

Ngoja niwasimulie mwenyewe, maana mkisubiri kusikia kwa wengine mtaambiwa nimefungwa.

Mnaonijua mnajua nina mbwa watatu. Sikupanga watatu. Nilikwenda Akheri kwa mjomba kuchukua mmoja tu, wa kulinda kuku. Nikamwinua, wenzake wawili wakanifuata mpaka barabarani wakilia kama wafiwa. Mjomba akaniambia nichukue wote, mbwa ni kuongeza maji kwenye sufuria tu. (Mjomba hajawahi kununua hata kidonge cha minyoo tangu nchi ipate uhuru.) Nikarudi mjini na boksi la biskuti, ndani Bosko, Jeki na dada yao Happy.

Kuongeza maji! Wale watatu wanakula kama kamati ya harusi. Ugali wa asubuhi unatosha kujenga ukuta. Dagaa mara tatu, dawa ya viroboto mara tatu, minyoo mara tatu. Ilipofika zamu ya chanjo nikakaa chini nikapiga hesabu za kisomi (nimemaliza masomo ya jioni, cheti nimekitia fremu). Nikaamua nimchanje Bosko peke yake, halafu yeye atawaambukiza wenzake afya.

Msicheke bado. Mtachoka.

Leo alfajiri nafungua mlango, Bosko ananirukia kama kawaida. Jeki na Happy wamelala barazani, hawainui hata mkia. Wameharisha baraza zima, tena kuna damu. Nikampigia daktari wa mifugo, akaja na pikipiki yake na kisanduku. Hakuhitaji hata kuuliza. Akasema huu ni ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, na kwamba una chanjo. Akamtazama Bosko aliyekuwa anatafuna kamba ya kiatu chake. Akanitazama mimi. Nikatazama mlima.

Wanahitaji dripu, siku tatu mfululizo, kila mmoja ya kwake. Akanitajia bei. Nilikuwa na hela ya mbwa mmoja.

"Nianze na yupi?" akauliza.

Jamani, hilo swali msije mkaulizwa. Nikasema aanze na Happy, kwa kuwa ndiye aliyezidiwa. Chupa ikaning'inizwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya soksi zangu. Jeki alikuwa ananiangalia tu. Daktari akafunga kisanduku, akasema ana ng'ombe wa kumwona kule Kikwe, atarudi saa sita, na nikiwa sijapata hela mpaka hapo nisiwe na tumaini tena kwa huyu wa pili.

Saa tatu nikapiga simu kazini. Nakata vitambaa kwenye karakana ya kushona sare za shule, nina wiki tatu tu pale, bado hawanijui vizuri. Akapokea Da' Zaina, fundi mkuu, ambaye pia ndiye mtunza michango: mtu akifiwa, akijifungua, akiumwa, daftari liko kwake. Cherehani kumi zilikuwa zinanguruma nyuma yake. Nikamwomba aniombee ruhusa kwa Mama Aika, mwenye karakana, na kama inawezekana nipewe sehemu ya mshahara, kwa kuwa watoto wanaumwa.

Nawaapia, sikudanganya. Wale nawaita watoto. Sina neno lingine.

"Watoto wa nani?" akauliza.

"Wangu."

"Una watoto wewe?"

"Watatu. Wawili wanaharisha."

"Wana umri gani?"

"Miezi mitano."

"Wote?"

"Wote, walizaliwa siku moja."

Nikasikia cherehani moja inanyamaza. Halafu ya pili. Da' Zaina akawatangazia wenzake kwamba Eli ana mapacha watatu. Nikacheka, nikidhani ananitania. Watani wapo.

"Mama yao yuko wapi?"

"Akheri, kwa mjomba wangu."

"Anafanya nini huko?"

"Analinda. Usiku analinda, mchana analala."

"Sasa watoto wananyonya nini?"

"Walishaacha siku nyingi. Wanakula ugali na dagaa."

"Na roho haimuumi, mama mtu?"

"Wala hawakumbuki. Nasikia ana mimba tena, ya kwa jirani."

Sasa karakana yote ilikuwa kimya. Cherehani kumi, kimya. Da' Zaina akashusha pumzi ndefu.

"Subhanallah. Pole, mdogo wangu. Mwanamke wa namna hiyo mwachie Mungu."

Mwanamke.

Hapo ndipo nilipoelewa. Na hapo ndipo iliponipasa kusema neno moja tu, herufi nne, mwanzo wake ni M. Nikakohoa. Akauliza wamelazwa hospitali gani. Nikajibu hapa hapa nyumbani, barazani, dripu iko kwenye kamba ya nguo. Akasema "Barazani?" kwa sauti iliyonitoa jasho. Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata. (Mtandao ulikuwa safi kama maji ya Meru.)

Haikupita nusu saa, simu ikaanza kulia. Mchango umeingia. Mchango umeingia. Fundi wa vifungo, ambaye hata jina langu hulikosea, ametuma. Mlinzi ametuma. Kufika saa tano nilikuwa na hela ya dripu ya Jeki na chenji juu.

Sikuigusa. Naomba hili mliandike kwa kalamu nyekundu. Nilikaa barazani na simu mkononi, nimeandika ujumbe kwa Da' Zaina wenye neno "mbwa" mara nne, nimeufuta mara tano. Nikiutuma, nairudisha hela na Jeki ndiyo basi. Nisipoutuma, mimi ni mwizi wa mapacha. Jeki akatapika povu jeupe, akarudisha kichwa juu ya mguu wangu.

Saa sita kasoro daktari akarudi. Kabla hajavua kofia ya pikipiki, honi ikalia nje.

Gari la Mama Aika.

Akashuka Mama Aika mwenyewe, mtu mzima, mzee wa kanisa, amekumbatia pakiti ya nepi kubwa kama godoro. Nyuma yake Da' Zaina na hotpoti ya mtori, ndizi na nyama anazopikiwa mzazi, na blanketi la watoto la rangi ya waridi. Walikuwa wamekuja kuwachukua watoto wangu wawakimbize hospitali ya maana, kwa kuwa mzazi anayetundika dripu ya mtoto kwenye kamba ya nguo hana akili timamu.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba. Watoto wako wapi?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema. Lakini daktari, mtu mwema asiyejua lolote, akajibu kwa niaba yangu kutoka barazani.

"Hawa hapa, mama. Huyu jike ndiye aliyenitia wasiwasi, ila nimempima joto kwa nyuma, limeanza kushuka."

Mama Aika akaitazama chupa. Akaufuata mpira wa dripu kwa macho, taratibu, sentimita kwa sentimita, mpaka kwenye mguu wa Happy wenye manyoya. Bosko, mwenye afya ya watu watatu, akaona hapo ndipo pa kujitambulisha. Akarukia pakiti ya nepi, akaipasua, akawazunguka nayo kuku wote wa nyumba hii. Nepi zikatapakaa uani kama kumenyesha mvua ya mawe.

Da' Zaina alikuwa ameshapanda juu ya tofali, baibui kalikusanya mkononi asiguswe na mate ya mbwa, hotpoti kaiinua juu ya kichwa.

"Na yule mwanamke wa Akheri?" akauliza.

"Naye ni mbwa, dada."

"Mwenye mimba ya jirani?"

"Mbwa wa jirani."

Daktari akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika.

"Eli," akasema Da' Zaina juu ya tofali lake, "nimemlaani yule mama tangu saa tatu. Nimemlaani kwa sauti, karakana nzima ikaitikia."

Kama Mlima Meru ungeanguka wakati ule, ningesogea katikati ili usinikose. Nikamnyooshea Mama Aika simu kwa mikono miwili. Nikamwambia hela zote zimo humo, sijagusa hata senti, nitawarudishia mmoja mmoja na Jumatatu nisipoitwa kazini nitaelewa.

Hakuipokea. Alikuwa anamtazama Jeki.

"Huyu mwingine mbona hana dripu?"

Daktari akanitazama. Nikasema nilikuwa na hela ya mmoja tu, nikachagua.

"Ukachagua," akasema Mama Aika.

"Ndiyo, Mama."

"Na yule anayekula nepi zangu?"

"Huyo ndiye niliyemchanja."

Akafumba macho kidogo. Nadhani alikuwa anaomba nguvu. "Eli baba, ulipochukua watatu hukujua kwamba watakula watatu na wataumwa watatu?"

"Sikujua, Mama."

"Basi leo umejua. Zaina, huu mchango unasemaje?"

Na hapa, wapendwa, ndipo nilipomwona Da' Zaina alivyo. Mwanamke ambaye hawezi kuguswa na mbwa bila kwenda kujitwaharisha, amesimama juu ya tofali, amefikiri kama hakimu wa mahakama kuu.

"Tulichangia watoto wa Eli wanaoumwa," akasema. "Eli kasema watoto wake ni hawa. Wanaumwa. Na hela ya pole haturudishi, tangu tuanze daftari hatujawahi. Viumbe vya Mungu hivyo, daktari, mwekee."

Daktari hakungoja aambiwe mara mbili. Chupa ya pili ikapanda kambani, upande wa pili wa soksi. Akaokota na nepi moja uani, akamfunga Happy. Ilimtosha kabisa, jamani, kama ameshonewa pale karakana.

Mimi nikalia. Ndiyo, nimelia, mwanaume na cheti changu. Mama Aika akachukua hotpoti kutoka juu ya kichwa cha Da' Zaina, akanikabidhi, akaniambia nile mtori mimi, kwa kuwa wagonjwa wamekatazwa chakula na mimi ndiye ninayefanana na mzazi aliyejifungua.

Adhabu ipo. Jumatatu nasimama mbele ya cherehani zote nieleze mwenyewe, na Da' Zaina ameshaniambia kupitia dirisha la gari: "Pale kwenye jirani usiparuke." Kwa mkono alikuwa amefunika mdomo. Gari lilipokata kona nilisikia kicheko cha Mama Aika mpaka huku, kile cha mtu aliyejizuia tangu aione ile dripu.

Na hela iliyobaki ina kazi. Nimeshamwambia daktari, hawa wakipata nguvu kila mmoja anapata sindano zake zote, kwa zamu, hata nikila dagaa pamoja nao.

Sasa hivi ni saa kumi na moja jioni. Happy ameramba maji mara mbili na hajayatapika. Jeki amefungua jicho, akaniona, akatikisa mkia mara moja tu, basi, kama mtu anayebana matumizi. Daktari anarudi kesho saa tatu, na anakuja kwa wawili.

Kwa hiyo siwezi kuwazuia kucheka. Ila chekeni taratibu, wagonjwa wamelala.