Kikopo Kimepata Adresi Kabla Yangu

Kwa Muheshimiwa Prezida wa Kamati ya Bustani ya Kando ya Ziwa,
Nchelenge.

Muheshimiwa,

Kwa heshima yote, na patalo, suruali ya mutu, ikiwa imebaki nusu kwenye mashini ili niandike haya, ninakuja mbele yako kushitaki. Mimi ni Didier, mushonaji, Mukongomani, mukaaji wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, mwenye ruhusa ya kufanya kazi mujini. Unanijua. Mimi ndiye yule wa karibu na mulango wa bustani, ambaye kamati yako ilimuletea karatasi ya kumuambia ahamishe mashini yake kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu "anazuia wageni kufurahia." Karatasi ile ilikuwa na muhuri muzuri sana. Sishitaki karatasi. Ninashitaki kikopo.

Labda hujakiona, maana kimefichwa, na kufichwa ndiyo kazi yake. Mwalimu Taonga, binti wa hapa hapa Nchelenge, alikiweka chini ya benchi ya simenti, ile wateja wangu wanakaliaga wakingoja. Ni kikopo cha plastiki chenye kifuniko kizuri, na ndani mna vitu vidogo: kifungo, ushanga, picha ya mbwa wa mutu. Mahali pake pameandikwa kwenye telefone za dunia nzima, na watu wanatoka mbali kuja kukitafuta. Mwenye kukiona anatoa kitu, anaweka kingine, anakirudisha palepale, anaenda kwao akicheka. Muchezo huo wanauita jiokashi. Sheria yake moja ni kwamba asiyecheza asijue kitu. Asiyecheza, Muheshimiwa, nilikuwa mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanajifanya wateja. Muzungu wa kwanza alikaa kwenye benchi, akaangalia telefone, akaangalia juu mbinguni, akapenyeza mukono chini. Nikamuuliza, "Patron, tukusaidie nini?" Akashituka, akajibu, "Patalo!" Nikamupima kiuno, nikamupima muguu. Alikuwa ameinua mikono kama mutu mwenye kukamatwa, na huku kisigino chake kinaendelea kupapasa chini ya benchi. Akasema atarudi. Nyuma yake wakaja bwana na bibi kutoka Mansa, nao pia wanataka patalo, wote wawili, haraka haraka. Leo ninajua viuno vya watu wa inchi nyingi za dunia, na sijashona hata patalo moja yao. Kama kamati yako ingependa kujua unene wa wageni wanaofurahia bustani, vipimo ninavyo.

2. Bibi yangu wa ndoa, Chouchou, siku moja aliniletea chakula akakuta mwanamuke amepiga magoti karibu na miguu yangu, kichwa chini ya benchi. "Huyu anatafuta nini hapo?" Nikamujibu ukweli: "Sijui." Muheshimiwa, kama umeoa, unaelewa jibu hilo lilinifikisha wapi. Wiki nzima nilikula bukari, ugali wetu, na munyu tu, katika muji ambamo hata paka wanachagua samaki.

3. Mama Ennie, kiongozi wa kwaya, alikuwa amenipa kazi ya nguo za kwaya nzima. Kazi kubwa, ya kulisha nyumba mpaka masika. Alikuja kuangalia imefika wapi, akakaa, akaona mambo: watu wanafika kimya, wanainama, wanaweka kitu kidogo ndani ya kikopo, wanaondoka na tabasamu. Akasimama. Akakusanya vitenge vyake, hata vile nilivyokwisha kukata. "Ba Didier," akaniambia kwa upole, "sisemi kwamba ni uchawi. Ninasema tu kwamba nguo za Bwana hazitashonwa hapa." Jumapili kwaya iliimba ikiwa imevaa nguo za zamani, zimebana kwapani, na kila walipoinua mikono kusifu, kanisa lilisikia nyuzi zikikatika. Kisha likageuka kuniangalia mimi.

4. Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Taonga. Sikumutukana. Nilimuuliza tu kama mimi na yeye tuna ugomvi wa zamani ambao nimeusahau. Masikini, aliona haya mpaka akanikokotea kiti. Akafungua telefone, akanionyesha ramani yenye nukta ya kijani. "Hili ni ziwa letu, Mweru, Ba Didier. Hii ni bustani. Hiki ni kikopo chetu."

"Na mimi niko wapi?"

Akavuta ramani kwa vidole, ikawa kubwa, ikawa kubwa zaidi. Benchi ilikuwako. Mimi sikuwako.

Nikamuuliza kikopo kilifanya namna gani kuandikishwa. Akasema ni rahisi: alituma ombi, mutu asiyemujua, wa inchi ya mbali, akalisoma, akakubali. Basi. Hakuna aliyekiuliza kikopo kilizaliwa wapi, kilikimbia nani, na kwa nini hakikukimbilia upande mwingine. Hakikupigwa picha kikikatazwa kucheka. Sisi tulivuka kutoka Kongo wakati Mantapala ingali pori na mahema, na mpaka leo kila biro ya serikali ninayoingia wananiuliza swali lilelile: "Unafikiri utakaa kwa muda gani?" Kikopo hakikuulizwa. Kikopo ni mugeni mwenye kufurahia. Mimi ninazuia.

5. Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu, moja kati ya haya. Ama kikopo kiitwe mbele ya kamati, kihojiwe kama nilivyohojiwa, na kingoje jibu pale nilipongojea, kwenye jua. Ama satelaiti zigeuzwe kidogo ziangalie Kashikishi, ambako kuna washonaji wengi na lawama itagawanyika. Ama, kama hayo ni mazito kwa kamati, niandikishwe mimi mahali pa kikopo. Ninaweza kuingia chini ya benchi. Mimi ni mwembamba, na mvua nimeizoea. Watu watoke mbali, wanitafute, wanione, wapate patalo iliyozibwa matundu, waache walicho nacho. Sitadai kitu kingine isipokuwa ile sheria yao: mwenye kunitoa mahali pangu anirudishe palepale aliponikuta.

Ninaamini, Muheshimiwa, kamati yenye muhuri muzuri namna ile haitashindwa na jambo dogo kama hili.

Unisalimie sekretere wako, sentineli wa mulango, mama anayefagia majani kila asubuhi na upepo ukayarudisha, na wote nyumbani kwako. Mungu awape afya, na viuno visivyobadilika.

Ni mimi, ninayekaa hapa kwa sasa,
Didier, mushonaji

N.B. Tafadhali, kikopo kisiguswe. Barua hii ilikuwa imekwisha wakati Mwalimu Taonga alipotualika kwenda Mofwe, ambako kuna kikopo kingine. Mimi nilikwenda kukusanya ushahidi wa mashitaka. Chouchou alikwenda kunichunga. Tulitafuta kandokando ya maji muchana wote, mimi na telefone ya mwalimu, yeye na macho yake, na yeye ndiye alikiona, katikati ya matete. Akapiga kelele hata wavuvi wakasimama ndani ya mitumbwi kuuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Bibi yangu alikuwa ameinua kikopo juu ya kichwa, amelowa mpaka kiunoni, anacheka mpaka anashindwa kusema. Mara ya mwisho kumusikia akipiga kelele ni siku tulipokimbia, na ile haikuwa ya kucheka. Sasa anataka Jumamosi twende Kafutuma, kutafuta kingine. Jua la kule ni kali. Nimeanza kumushonea kofia.