Nani Anakula Mwanga Wangu?

Jumatatu, 3 Machi
Nimepoteza asilimia nane ya mwanga tangu Ijumaa. Mwanga wa utando wangu wa kaboni, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, nilioumimina mwenyewe. Ijumaa hii bosi anachagua: utando wangu au wa shemeji. Atakayeshindwa anakwenda stoo kuosha vioo. Nilianzia huko. Sirudi!

Mwizi namjua. Shemeji, mume wa dada yangu, yuko chumba cha pili cha maabara na sumaku yake ya majaribio. Ndani ya utando, molekuli mbili zilizosisimka hukutana. Spini zao, yaani usumaku mdogo ulio ndani ya kila moja, zikipatana, moja huwaka. Sumaku ikisogea karibu, mapatano yanavurugika. Kama mimi na yeye tangu harusi.

Na Ijumaa iliyopita nilikuwa na furaha! Komeo la kisanduku cha utando lilivunjika, nikaweka sumaku ya spika mbovu. Bure kabisa. Kifuniko kimeshika kama kupe. Wasomi wangeagiza komeo jipya.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkabili. Eti sumaku yake iko mita sita, na ukuta katikati. Eti nianze kutazama kwangu. Dharau!

Jumatano, 5 Machi
Kaenda chai. Nimeichukua sumaku. Nzito kama deni. Nimeificha kwenye droo yangu, chini ya kisanduku. Iko mikononi mwangu, haiwezi kunidhuru.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa nimepoteza asilimia kumi na tano! Ana nyingine. Dada kapiga simu, anaomba nimwache mumewe apumue. Nimekula peke yangu, nikitazama kipimo cha mwanga kikishuka.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kafungua droo kutafuta kalamu. Akaiona sumaku. Akauliza kama najua sumaku inazifanya nini spini. Nikamweleza vizuri, hadi kwenye ubao. Akasema kumbe unajua. Kachagua utando wa shemeji, na meza yangu kampa. Mimi stoo. Shemeji kanibebea koti hadi mlangoni, pole shem, pole sana. Unafiki mtupu.

Jioni nimepima mara ya mwisho, droo tupu. Asilimia nane bado haijarudi! Basi sikukosea. Kifuniko kilikuwa kimelegea, nikaongeza sumaku ya pili ya spika. Upotevu ukafika kumi na moja! Na nani alikuwa anapita koridoni wakati huohuo? Hesabu haidanganyi.

Nimembandikia karatasi mlangoni. Shemeji, sumaku nyingine umeificha wapi? Sitaki pole, nataka mahali. Jibu Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, kabla sijashika brashi.