Dawa ya Moshi Mweupe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemwambia mke wangu gari litakuwa tayari Jumamosi. Nimesema kwa sauti nzito, nikiwa nimeshika spana. Spana yenyewe ni ya baiskeli, lakini hakuangalia mkononi. Aliniangalia usoni, kwa muda mrefu, halafu akaenda zake na simu.

Hali ni hii. Gari ni pikapu ya dizeli ya marehemu baba mkwe. Tangu alipofariki limeegeshwa uani kwetu, na tangu Januari mimi nasema limebakia kidogo tu. Jumamosi mama mkwe anahamia kwetu. Ameanguka mara mbili mwaka huu, mguu haumsaidii tena, na nyumba yake ina ngazi nje. Kukubali kuhama kumemchukua miezi, na ametoa sharti moja: ataondoka pale kwa gari lilelile lililomleta akiwa bi harusi. Lisipotembea, habanduki. Mke wangu naye ameongeza lake: mama asipohamia kwetu, yeye atahamia kwa mama.

Nimeliwasha. Limekohoa, limetoa moshi mweupe, limezima. Maji ya rejeta yanapungua na sioni yanakokwenda. Ujuzi wangu umeishia hapo.

Kuomba msaada siwezi. Katika kundi letu la wapenda magari, lile la kwenye simu, mimi najulikana kama mtu wa injini. (Nilijitambulisha hivyo mwenyewe.) Isitoshe, nimechunguza. Mtu akiomba msaada mle anapewa pole na picha za viganja vilivyounganishwa. Mtu akisema ujinga, watu wanaacha chakula mezani ili kumsahihisha. Basi saa kumi jioni nimeandika kwamba, kwa uzoefu wangu, pikapu ya dizeli ikitoa moshi mweupe dawa yake ni kijiko cha chumvi ndani ya rejeta.

Majibu thelathini na moja kabla sijamaliza chai! Tani Kumi, dereva mstaafu wa malori, kaandika kwamba kesho anakuja kuiona hiyo chumvi kwa macho yake. Namshukuru Mungu kwa kunipa kichwa hiki. Wengine wamepewa nguvu tu.

Jumanne, 5 Machi

Tani Kumi kafika saa mbili asubuhi na sanduku la vifaa. Kaja na Kioo. Kioo sikumwalika.

Huyu Kioo ana pikapu ya aina hiihii, mwaka uleule. Anaisugua mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye bampa, ndiyo maana ya jina lake. Haitembei kwenye vumbi. Haitembei kwenye mvua. Kwa kifupi haitembei. Lakini kila Ijumaa anaiwasha, anairekodi ikinguruma, anatutumia tusikilize. Simpendi.

Tani Kumi kaliwasha gari, kanusa moshi, kafungua kifuniko cha rejeta, kaonyesha mapovu. Kasema gasketi ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imeungua, maji yanaingia kwenye injini. Nikasema ndivyo nilivyokuwa nikishuku. Kioo akauliza chumvi ingeingia wapi katika shughuli hiyo. Nikajitia kutafuta kitambaa.

Kufikia saa sita silinda hedi ilikuwa juu ya meza yetu ya chakula, imetandikiwa magazeti. Mke wangu aliporudi kutoka kazini akauliza yeye atakula wapi. Nikamweleza kwamba maendeleo yana gharama zake. Kala amesimama, na nimeona kama anazuia kicheko. Uchovu, nadhani.

Kazi yangu leo ilikuwa kushika kitambaa. Nimekishika vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Kioo kaja kuchukua silinda hedi aipeleke karakana ikasawazishwe uso. Kaifunga kwenye blanketi lake mwenyewe na kuikumbatia hadi nje. Najua anachotafuta. Anataka aonekane.

Mimi nimehamia kwenye rangi. Gari lina bluu iliyopauka, na mlango wa abiria una bluu nyingine kabisa, iliyopakwa kwa brashi, michirizi inaonekana toka barabarani. Mama mkwe hawezi kuhama kwa gari la namna hiyo nikiwa mimi ndiye mkwe. Nimeandika kwenye kundi kwamba rangi ya brashi hudumu kuliko ya kupuliza, na kwamba wapulizaji wote wanatuibia tu.

Dakika kumi. Fundi Rangi, yule mama anayepuliza magari nyuma ya kituo cha mafuta, hakuandika, alipiga. Niliweka simu mbali na sikio. Saa tano alikuwa uani na kompresa, mabomba na vijana wawili wa kubeba... hapana, nitaandika kweli: alibeba kompresa mwenyewe, na mimi nilibeba vijibomba.

Halafu mabishano. Tani Kumi alisema gari lilitoka kiwandani na bluu iliyoelekea kijivu. Kioo, aliyekuwa amesharudi kutoka karakana, alisema bluu ya wino. Wamebishana mpaka alasiri juu ya rangi ya gari ambalo injini yake haina kichwa. Fundi Rangi akachoka, akafungua kioo cha pembeni, akatuonyesha rangi iliyojificha chini yake, safi kama siku ilipopakwa. Bluu ya wino. Kioo alitabasamu. Nimekosa hamu ya kula.

Kapuliza boneti, mbavu, kila mahali. Mlango wa abiria kauacha. Nikamuuliza, akajibu kwamba ule hauna ubaya wowote, niuache ulivyo. Uvivu! Gari zima linang'aa na mlango mmoja umekaa kama kiraka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamua mlango nitaumaliza mwenyewe. Nilinunua msasa, nikasubiri watu wapungue, nikaanzia pembe ya chini. Baada ya eneo la kiganja kimoja mkono ulikufa ganzi. Nikakaa chini kupanga mkakati. Usingizi ukanichukua.

Nimeamshwa na Fundi Rangi akinitoa msasa mkononi. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Akanivuta hadi karibu na kitasa, akaniambia nitazame. Kuna alama ya dole gumba ndani ya rangi. Kubwa kuliko langu, mistari yake yote ipo. Kasema mtu aliugusa mlango kabla haujakauka, na aliyepaka hakufuta.

Nikasema huo ni uzembe wa kazi.

Kumbe mke wangu yuko nyuma yangu. Akasema ni dole la baba. Mlango uligongwa, fundi hakupatikana, mama akaupaka mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya madirisha. Alimwambia baba asiguse. Baba akagusa. Mama alimnunia wiki nzima, na baadaye kila fundi aliyetaka kuupaka upya alifukuzwa.

Nilitazama ile sehemu niliyosugua. Shibiri moja na nusu kutoka kwenye dole. Kama ningekuwa mtu wa bidii, ningekuwa nimelifuta. Uvivu wangu umeniponza maisha yangu yote, shuleni, kazini, hata siku ya harusi, lakini leo nimeushukuru kwa moyo wote. Jasho lilinitoka nikiwa nimesimama tu.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Naandika polepole.

Silinda hedi imerudi, uso wake umenyooka. Tani Kumi kaweka gasketi mpya, kaanza kukaza bolti, akianzia katikati kwenda nje, kidogokidogo, kwa zamu, kama mtu anayegawa peremende kwa watoto wenye wivu. Akabakisha mkazo wa mwisho, akaenda kunawa apate chai.

Nikawaza. Kesho mama mkwe atauliza nani kalitengeneza. Nitasema nini, kwamba nilishika kitambaa siku nne? Bolti moja tu ingetosha. Ningesema nimekaza injini kwa mikono hii, na usingekuwa uongo. Nikachukua spana ndefu. Nikavuta. Nikavuta tena kwa ajili ya usalama.

Bolti ikakatika.

Sauti yake haikuwa kubwa. Nikapaka grisi juu ya ule mkato, nikarudi kwenye kitambaa changu.

Tani Kumi karudi, kafikia ile bolti, kasimama. Kafuta grisi kwa kidole. Kamtazama Kioo. Kioo kanitazama mimi, kisha katazama viatu vyake. Tani Kumi akatumia saa mbili na nusu kukitoa kipande kilichobaki ndani. Maduka ya vipuri hayana bolti ya namna ile. Gari ni la zamani mno. Nikaingia chooni nikakaa. Akilini nilimwona mama mkwe peke yake kwenye zile ngazi. Safari hii sikupanga hila yoyote. Niliogopa tu.

Nilipotoka, Kioo alikuwa ameondoka. Nikajisemea, si unaona, mtu wa kujionyesha tu. Baada ya saa moja alirudi na bolti imefungwa kwenye leso. Ilikuwa na oili bado. Tani Kumi akaikaza, akaniambia nisogee mbali, mbali zaidi, mpaka langoni.

Saa kumi na moja jioni gari liliwaka. Halikukohoa, halikutoa moshi. Mke wangu alitoka jikoni na kijiko mkononi, akasimama akisikiliza, na machozi yakamtoka. Yangu pia, lakini mimi nilikuwa na grisi jichoni.

Jumamosi, 9 Machi

Kabla ya safari Fundi Rangi alinipa simu yake nimpige picha karibu na boneti. Kidole kikateleza. Nikajikuta ndani ya kundi nisilolijua: Gari la Mama. Wote wamo. Mimi simo.

Aliyelianzisha ni mke wangu. Jumatatu, saa tisa alasiri. Saa moja nzima kabla ya chumvi yangu. Kaandika: "Jamani, naomba msaada. Mama anahama Jumamosi na gari la marehemu baba haliwaki. Mume wangu anaona aibu kuomba, kwa hiyo leo au kesho ataandika jambo la ajabu. Tafadhali kasirikeni."

Chini yake Tani Kumi kaandika kwamba baba mkwe alimvuta mara tatu kutoka kwenye matope kwa gari hilo. Fundi Rangi kaandika kwamba lilibeba kompresa yake ya kwanza. Kioo kaandika: "Kasirikeni vizuri, asije akashtuka." Na jana, saa nane: "Bolti nimeitoa kwenye yangu. Asiambiwe."

Pikapu ya Kioo jana haikunguruma. Ijumaa ya kwanza tangu nimjue. Sikuwa nimegundua.

Nikamrudishia Fundi Rangi simu. Picha zote zilitoka zimetikisika.

Tulifika kwa mama mkwe saa nne, gari letu mbele, wao nyuma yetu. Alishuka zile ngazi ameshikwa na binti yake, hatua kwa hatua, hataki kuharakishwa. Hakutazama boneti. Hakutazama mbavu zilizopulizwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa abiria, akapapasa karibu na kitasa, akaweka dole gumba lake ndani ya lile la mumewe. Likaenea na nafasi ikabaki. Tani Kumi alivua kofia.

Halafu akauliza nani kalitengeneza.

Nilifungua kinywa. Maneno niliyoyatayarisha tangu Jumatatu yalikuwepo, yamepangwa vizuri. Nikamwambia, mama, ni hawa wote. Mimi nilishika kitambaa na kukata bolti.

Akacheka mpaka akalishika gari asianguke. Akasema hata marehemu hakujua kutengeneza kitu, mwanangu. Likizimika alikuwa akishuka, anasimama katikati ya barabara na kusema, ndugu zangu, nimekwama. Watu walikuja. Na alipowakuta wao wamekwama, hakupita.

Nikamfuata Kioo, nikamwambia asante. Akajibu kwamba hajui ninachozungumzia. Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa, kisha akasema nimeacha alama ya kidole kwenye bampa, na akatoa leso akaifuta.

Nimeliendesha gari kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mama aliteremsha kioo, akaweka mkono nje njia nzima. Leo sina wa kumdai shukrani. Ninazo mimi, nyingi, na sijui niwape kwa utaratibu gani watu hawa. Mke wangu kasema nimeona sasa, kuomba hakuui. Nikamwambia nimeelewa kabisa. Nimekuwa mtu mpya.

Jumapili, 10 Machi

Mvua asubuhi. Bati linavuja chumba cha mama mkwe, tone moja kila ninapohesabu saba, karibu na mto wake. Kahamisha mto, hakulalamika. Mke wangu kasema niwapigie tu wale watu niwaombe.

Nimelitafakari kwa utulivu. Ni kweli walijua. Lakini waliokasirika Jumatatu walikasirika kwa sababu ya chumvi, na bila chumvi wangekasirikia nini? Mpango ulikuwa wangu. Yeye alitoa tangazo tu.

Nimejiunga na kundi la wajenzi, ambako hakuna anayenifahamu. Nimeandika kwamba, kwa uzoefu wangu, bati linalovuja hutibiwa kwa kulipaka mafuta ya kupikia, upande wa ndani.

Jibu la kwanza limekuja kabla sijaweka simu chini. Ni Kioo. Kumbe naye yumo. Hajabisha hata kidogo. Ameuliza tu kama ngazi ninayo, au aje na yake.

Amenasa.