Vita vya Chepkurui na Bata Mzinga wa Makaburini

Sogeeni, enyi wapasua mbao wa Elburgon, nanyi wakamuaji wa Keringet! Tueni mashoka, shusheni ndoo, nyamazisheni watoto, kwa maana zinakuja habari za vita vilivyopiganwa mwaka wa hamsini na saba, mchana kweupe, baina ya Chepkurui binti Kiplangat, mpishi asiyetetereka, na adui ambaye hata mwalimu wa kanisa alimkimbia.

Siku hiyo Chepkurui alishuka kutoka kwenye lori la mbao mbele ya kanisa kuukuu la mawe, lenye mabati yaliyoshika kutu na mnara ulioinama kidogo kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Nyuma ya kanisa hilo alizikwa mama yake. Siku ya maziko, mzungu aliyemwajiri Chepkurui alikuwa na wageni, akamnyima ruhusa. Ndugu zake walipokuwa wakitupa udongo kaburini, yeye alikuwa jikoni anakaanga viazi. Miaka ilipita, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba. Leo alikuja kuutupa udongo wake, na Kipkemboi, dereva wa lori, alikwisha kumwonya: honi ikilia mara ya pili, anaondoka.

Alipokewa na Mwalimu Micah, mlinzi wa funguo, mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Akampitisha kati ya mabenchi, akamwonyesha kioo chekundu cha dirishani na popo wa darini. Walipofika mlango wa nyuma, akasimama ghafla.

"Mama," akatamka kwa sauti ya mimbari, "hapa ndipo mamlaka yangu yanapokoma. Huko nje anatawala mwingine."

Naye alikuwako, Bata Mzinga, mwenye shingo ya damu na kifua cha kiriba, mtandaza mkia, mtikisa mashavu! Alitolewa sadaka siku ya mavuno, akakosa mnunuzi kwa ukali wake, akajitwalia makaburi yote yakawa milki yake. Wafu hawakulalamika, walio hai waliacha kuja.

"Mwalimu," Chepkurui akajibu, huku akijifunga leso kiunoni, "nilikataliwa na mzungu. Sasa nikataliwe na kitoweo?"

Akatoka, mwavuli mbele kama mkuki. Adui akanguruma, akavimba, akaja mbio akiburuta mbawa chini, na ardhi ya Bonde la Ufa ikatetemeka, au angalau majani yake. Wakapambana pale kati ya misalaba. Mwavuli ukageuka ndani nje, kiatu kimoja kikatekwa, na shujaa wetu akarudi mlangoni anahema, kisigino kinatoka damu.

Barabarani, honi ikalia mara ya kwanza.

Chepkurui akahisi machozi yanamjia, akayakataa. Akamtazama Micah toka kola hadi pindo.

"Vua kanzu."

"Kanzu, mama? Vazi la ibada? Na ndani nina kaptura tu!"

"Hiyo kaptura Mungu alikwisha kuiona. Vua!"

Akavua. Chepkurui akaitandaza kanzu mikononi kama mvuvi na wavu wake, akatoka tena, akamngoja adui amkaribie hata akausikia upepo wa mbawa zake, ndipo akairusha. Usiku ukamwangukia Bata Mzinga. Kelele zikakatika, akasimama wima, mweupe, mtulivu. Wanawake wawili waliokuwa wakipita nje ya ua wakainamisha vichwa, "Bwana asifiwe, Mwalimu!" na baadaye wakasimulia kwamba siku hiyo alikuwa mnyenyekevu kuliko siku zote.

"Karibu na mwerezi!" Micah akaita, amejificha nyuma ya mlango. "Msalaba ulioinama!"

Chepkurui akauona, akapiga magoti, akang'oa magugu kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, na hapo hotuba zote zikamwishia. "Nimechelewa. Kulikuwa na viazi."

Akachota udongo, akautupa. Ukatoa sauti ndogo sana.

Honi ikalia mara ya pili. Hakuinuka, alilia mpaka akamaliza. Kipkemboi akaja mbio kugomba, akamkuta mwalimu wa kanisa amevaa kaptura, kanzu imesimama peke yake makaburini, na mwanamke wa kiatu kimoja akilia kwa raha. Akavua kofia, akangoja.

Basi na ijulikane Molo na Njoro, na kote ambako watu hupika kwa ajili ya wengine: katika mwaka ule, wakubwa wa dunia walipokuwa wakigombania mifereji na mipaka wasipatane, konzi moja ya udongo ilifika ilikokuwa ikienda.