Mlango wa Sebule

Jumanne, 13 Oktoba 1998. Ukungu ziwani, manyunyu tangu alfajiri. Baridi.

Askari wamechukua pikipiki nyingine hapa Nguba, ya mwalimu wa kwaya. Ati mahitaji ya vita. Yetu bado iko jikoni chini ya mikeka, lakini mwanangu Bintu ameshawaambia wenzake kwamba sisi tunalala na pikipiki. Lazima itoke. Mume wangu Cédric yuko Kamanyola tangu Agosti, anazunguka vijiji kwa miguu na sanduku lake la chanjo. Akiipata, ataendelea na kazi na sisi tutakula. Ikichukuliwa, basi.

Papa Anaclet anashuka Kamanyola Ijumaa na kamio yake, lori la ndizi. Amekubali kuificha chini ya ndizi. Shida moja: sakafu ya kamio inanifika kifuani.

Jumatano, 14. Mvua kubwa.

Jirani yangu Georgette amenielekeza la kufanya, akiwa upande wa pili wa ua. Sikumwomba. Pikipiki ya mume wake iliondoka wiki iliyopita. Kamio inarudishwa kinyumenyume hadi kwenye kilima kilichokatwa nyuma ya kanisa, sakafu inalingana na udongo, unasukuma, umemaliza. Bukavu nzima inapakia hivyo, alisema, hata ng'ombe.

Nilimshukuru. Sitafanya hivyo. Huyu ndiye aliyewaambia akina mama wa kanisa kwamba keki yangu ya ubatizo ingefaa kujengea msingi. Tena mimi nilisoma hisabati na fizikia. Nimechora pembetatu. Kinachohitajika ni ubao mrefu. Sokoni hakuna mbao.

Niliutazama mlango wa sebule kwa muda mrefu.

Alhamisi, 15. Jua kidogo, hatimaye.

Nimeung'oa mlango. Skrubu zote nimezihifadhi katika kikombe. Kazi safi! Mlango ni mfupi kuliko pembetatu yangu, kwa hiyo mwinuko utakuwa mkali. Nimeirekebisha pembetatu.

Kisha nikauosha kwa sabuni na kuung'arisha kwa nta ya sakafu, pande zote mbili. Mlango wangu hautakwenda barabarani mchafu, Georgette akiangalia. Mahali pake nimetundika pazia.

Ijumaa, 16. Manyunyu tena. Kwa nini?

Papa Anaclet alipouona mlango aliuliza nani amekufa. Nilimweleza mpango. Alisema kilima kiko hapo tu, hatua chache. Nikasema hapana. Akanitazama kama mgonjwa, akashika usukani upande mmoja. Mimi nikasukuma nyuma. Injini tuliizima, askari wasisikie.

Gurudumu la mbele lilifika juu. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Lilifika. Kisha maji yakakutana na nta. Pikipiki ilirudi yote, bila haraka, ikaniketisha matopeni na kuniketia mapajani. Mlango ulipasuka katikati kwa mlio kama wa risasi.

Mlio huo ndio uliowaleta askari wawili. Walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Waliiinua, wakanipa pole, wakauliza kama inawaka. Nikajibu kwamba inawaka kwa kiki ya kwanza, hata asubuhi ya baridi.

Kwa nini nilijibu?

Leo wako zamu; wamesema watapita kuichukua Jumatatu. Wameona na nyumba. Haina mlango.

Papa Anaclet ameondoka na ndizi zake.

Jumamosi, 17. Mawingu mazito, hakuna upepo.

Mgongo unauma. Pikipiki nimeiegesha mlangoni, ndiyo mlango sasa. Bintu anapita chini ya usukani na anafurahi. Mimi nimelia kidogo jikoni, halafu nikachambua maharagwe.

Papa Anaclet amerudi jioni. Anashuka tena kesho baada ya misa, mara ya mwisho kabla ya Jumatatu. Georgette alikuja na sahani ya sombe ya majani ya muhogo, iliyofunikwa. Hakucheka, jambo lililoniumiza zaidi. Aliweka sahani juu ya kiti cha pikipiki, akasema polepole:

“Maman Bintu, kilima iko pale pale.”

Nilisema nitafikiria. Sombe ilikuwa tamu, kwa bahati mbaya.

Nimefikiria. Kosa halikuwa mpango, lilikuwa mlango. Ule wa sebule ulikuwa wa mbao laini. Wa chumba cha kulala ni wa libuyu, mgumu, na mrefu kidogo. Nimeshautoa. Skrubu ziko katika kikombe kilekile. Umechakaa kweli, nisingependa Georgette auone hivyo, kwa hiyo nimeupaka nta, upande mmoja tu.

Nalala sasa, saa tano na robo.